Thuluthi ya Juu

Kibokoni, Mombasa
18 Februari 1965

Kwa ndugu yangu Jaffar,

Salamu zetu zikukute huko Nairobi ukiwa mzima wa kiwiliwili na wa moyo. Sisi huku hatujambo, ila goti langu ndilo lenye maneno. Idd tumeila vyema. Tambi nilipika, sahani yako nikaiweka kando kwa mazoea, mwisho akaila jirani yetu Abdulhalim, akasema anakulia wewe. Mamake, Bi Mwanatumu, naye alivuka kwa juu, kwa wikio, kile kidaraja cha kuunganisha nyumba zetu mbili, maana ngazi za kwao za kuteremka uchochoroni ni kali, hizi zetu anaziweza. Alikuja na sinia ya halua tukazungumza mpaka adhuhuri. Watu wanakuulizia hadi nachoka. Hata Makadara nikienda kununua samaki naulizwa, "Jaffar arudi lini?" Nami nawajibu, muulizeni mwenye gari la moshi.

Jambo lingine. Vyumba vya juu vimepata mpangaji. Unajua tangu alipohama Bwana Taib vilikuwa vinakaliwa na popo. Huyu ni mwanamke, jina lake Mejumaa, anapiga taipu katika afisi moja Kilindini. Mpole, msafi, anatoka asubuhi na kurudi alasiri. Fungu lako la kodi nitakuletea kama kawaida, kama marehemu baba alivyotuachia nyumba hii kwa sheria: wewe thuluthi mbili, mimi moja.

Usisahau kula. Nakujua wewe.

Dadako, Mwanakuu


Pumwani, Nairobi
11 Machi 1965

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo nyingi. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia hata penye blanketi mbili. Barua yako imekawia kunifika kwa kuwa ilikwenda Pangani kwanza, nami Pangani nimehama. Anwani mpya nimeiandika hapo juu. Mambo ya mjini tu, usiniulize.

Nimefurahi kusikia Abdulhalim amenilia tambi zangu. Mwambie alipe.

Huyo Mejumaa umefanya vyema kumpokea. Jina ni la kwetu. Je, ni wa Likoni au wa Tiwi? Nilisoma na kijana wa Tiwi aliyekuwa na dada wa jina hilo, huenda ndiye. Mradi ni mtu wetu, basi, mimi sina neno. Nyumba ya baba ikae na watu wanaojulikana.

Nduguyo, Jaffar


Kibokoni, Mombasa
22 Aprili 1965

Kwa ndugu yangu Jaffar,

Natumai hapo ulipo umetulia. Idd ya kuchinja imepita kwa salama. Mbuzi wa mwaka huu alikuwa na mifupa mingi kuliko nyama, muuzaji nimemwambia mbele ya watu, akaapa, nami nikamwachia Mungu wake. Watoto wa chuo changu cha Kurani wanaendelea. Mmoja amehitimu juzuu ya Amma na mamake ameniletea kanga doti moja, nyekundu, mimi na utu uzima wangu huu. Goti lilipata nafuu, kisha likabadili nia. Msikiti umepakwa chokaa mpya. Mlango wetu mkubwa nimeusugua mafuta ya nazi, misumari yake yang'aa utadhani ni ya arusi.

Kuna jambo uliniuliza, nami nitakujibu, ila sasa watoto wananingoja na misahafu yao na mmoja ameshaanza kumpiga mwenzake.

Dadako, Mwanakuu


Eastleigh, Nairobi, kwa mwenzangu wa kazini
5 Mei 1965

Dada,

Salamu. Mimi mzima.

Nimepata barua ya Abdulhalim. Nilikuuliza swali jepesi, ukaniandikia habari za mbuzi na kanga! Huyo si Mejumaa wa Tiwi. Ni Mejumaa Kaingu wa Kaloleni, Mgiriama, na kila Jumapili anatoka kwenye mlango wa baba na kitabu cha kanisani mkononi, anapita mbele ya msikiti mchana kweupe. Wewe ulijua, ukaniacha nijisifu huku kwa jina lake.

Sina chuki na mtu. Lakini hapo ni Kibokoni, dada. Bi Mwanatumu na wanawake wa nyumba yake wanavuka wikio vichwa wazi, wanatokea ukumbini juu, na sasa pana mtu wasiyemjua. Abdulhalim ana binamu yake anayeoa mwaka huu, anataka vyumba hivyo. Nimemwambia ni vyake. Mpe huyo Mnasara muda hadi Maulidi, kwa upole, atafute kwingine. Huko Makupa vyumba haviwezi kukosekana.

Jaffar


Kibokoni, Mombasa
14 Juni 1965

Kwa Jaffar,

Baada ya kukutakia afya, sisi tunamshukuru Mola. Bi Mwanatumu aliumwa na jino, limeng'olewa. Chuo changu kimepungua watoto, sababu utaiona huko mbele.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Umekasirika, na haki unayo, kwa kuwa uliuliza nikanyamaza. Basi sasa nasema.

Mejumaa alikuja jua la utosi, na sanduku kichwani. Alikuwa amegonga milango kuanzia mtaa wa Kuze. Kila nyumba palikuwa na nafasi mpaka ataje jina la babake, hapo nafasi ikatoweka. Kwangu hakungoja kuulizwa. Alisimama mlangoni akanambia, "Bibi, mimi ni Mgiriama, na ni Mkristo. Nakwambia sasa nikiwa nje, usije ukanitoa nikiwa ndani."

Kha! Jaffar, mtu akikwambia hivyo utamjibu nini? Nikampa masharti. Nguruwe asiingie, ulevi usiingie, wanaume wasiingie. Akanambia, "Nguruwe simli, pombe siinywi, na mwanamume akinitaka babangu yuko Kaloleni, akamuone yeye." Nikampa ufunguo.

Baada ya siku mbili tatu fikira ikanijia. Masharti yale Bwana Taib sikumpa. Bwana Taib alikuwa Muislamu mwenzetu, mwana wa watu, na mara ngapi tumempandisha ngazi hizi amelewa, Abdulhalim kamshika kichwa na mimi miguu! Harufu ilifika mpaka kwa imamu. Sikusikia mtu aliyekuandikia barua.

Mejumaa amekaa hapa na hakuna aliyemshika kwa kosa. Kosa lake ni Kaloleni. Na Kaloleni ni wapi, mwanangu? Ni Uchina? Mtu anapanda basi asubuhi, adhuhuri yuko kwao anakula. Nazi tunazokuna ni za babake na jamaa zake. Zinaingia Kibokoni kila siku na hakuna anayeziuliza dini.

Sasa nikupe na bei ya ujeuri wangu. Mlango wa wikio Abdulhalim ameupiga misumari kwa upande wao. Mamake haji tena, nami kwa chini sifiki kwa goti hili, basi tumekuwa jirani wa kusikiana kikohozi. Wazazi kadhaa wamewatoa watoto wao chuoni. Naumia, sikufichi. Na Mejumaa anaona yote. Nilimwambia kwamba lipo baraza la serikali la mambo ya kodi, na watu wa baraza hilo wanasema mpangaji anayelipa hatolewi hivi hivi. Akanijibu, "Nikienda nikashinda nitakuwa nimeshinda vyumba, Bi Mwanakuu. Na uchochoro je?"

Mwisho, nami nina swali. Pangani, Pumwani, sasa Eastleigh kwa mtu. Anwani tatu tangu mwaka uanze. Nani anakuhamisha, ndugu yangu?

Dadako, Mwanakuu


Eastleigh, Nairobi
2 Julai 1965

Dada,

Nakusalimu, na Bi Mwanatumu mpe pole ya jino. Umeuliza, basi nitakujibu, na habari hii isitoke nje ya nyumba.

Pangani mwenye nyumba alinipokea kwa heshima, karani ana mshahara. Siku moja akanisikia uani nikizungumza na jamaa mmoja wa Lamu, akatusikiza lafudhi. Jioni akaja akanambia, "Nyinyi watu wa pwani si mlitaka bendera ya Sultani? Nendeni mkapange kwa Sultani." Pumwani yule mama alikuwa mwema, lakini alipata mtu wa kabila lake, na niliporudi kutoka kazini nikakuta kitanda changu barabarani na watoto wanakirukia. Sasa nalala sakafuni kwa mwenzangu. Umeridhika?

Najua utasema: basi Jaffar, umeonja, mwonee mwenzio huruma. La. Ni kwa kuonja ndiko nasema hivi. Huku kila mtu ana kwao na anakulinda kwao, na mimi kwetu ni Kibokoni. Kitanda changu kilipokuwa barabarani nilifumba mato nikauona mlango wetu. Huo ndio ulionizuia nisilie mbele ya wale watoto. Ukianza kumgawia kila ajaye, siku watakaponifukuza Nairobi kabisa nitarudi wapi? Mambo ya Mwambao, ya pwani kujitawala, yamekwisha, bendera imekwisha, tumebaki na kuta tu. Mimi naogopa, dada. Nimelisema, usinilazimishe kulisema tena.

Abdulhalim nimempa ahadi, nayo sivunji. Nimempa na uwakili: kwa mambo ya nyumba, yeye ndiye mimi. Mwisho wa Agosti juu pawe patupu. Mwenye thuluthi mbili ndiye mwenye neno. Na ikiwa huwezi kuishi bila Wagiriama, chukua thuluthi yako ukae nao, uniachie zangu!

Jaffar


Kibokoni, Mombasa
19 Agosti 1965

Kwa ndugu yangu, mwana wa mamangu, Jaffar,

Salamu zangu zikupate umelala kitandani, si sakafuni. Nimelia kwa ajili ya kitanda chako. Nilikuwa naona hasira zako tu, sikujua zatoka wapi. Maulidi tumesoma, nikakuombea mbele ya watu bila kutaja sababu, na Bi Mwanatumu akaitikia amin kutoka dirishani kwake, misumari na yote.

Hofu yako nimeielewa. Mimi pia naogopa. Ukoo baada ya ukoo wanauza, wanahama, kila mwaka uchochoro huu una kufuli jipya. Lakini fikiria, Jaffar: yule wa Pangani naye ana hofu. Alikuona wewe na kinywa chako cha kipwani akaona nyumba yake yaondoka. Kama hofu yako yatosha kumtoa Mejumaa, basi yake ilitosha kukutoa wewe, na sisi tusilalamike. Mimi nataka kulalamika. Nataka niseme waziwazi kwamba walikudhulumu ndugu yangu, nami nitasemaje hali mkono wangu nao umeshika sanduku la mtu?

Nikafika pale uliponambia nichukue thuluthi yangu. Nimeichukua.

Nilikwenda kwa Kadhi na barua yako. Akaisoma yote, akakohoa pale penye Wagiriama, akamwita Abdulhalim kama wakili wako. "Wewe wasemaje, mwenzako anataka kugawana?" Abdulhalim akadhani heri imemwangukia. Akajibu kwa haraka, anataka, tena leo. Tukaenda wote na Kadhi mpaka uani kwetu, wakaja watu wa kupima. Wakasema juu ni thuluthi, na chini pamoja na uwanja, kisima na baraza ni thuluthi mbili. Mimi kimya, nimejifunika buibui langu. Abdulhalim akapaza sauti, "Jaffar apewe chini! Chini ndiko kwenye mlango mkubwa, ndiko kwenye baraza ya babake, mimi siwezi kukubali apewe juu!" Akapigania haki yako, masikini, jasho likimtiririka. Mwishowe nikasema haya, kwa heshima ya Abdulhalim mimi mwanamke nakubali kushindwa. Kadhi akaandika, na njia ya ngazi nikaomba iandikwe kuwa ni ya wote, asizuiwe apandaye wala ashukaye. Abdulhalim akaweka sahihi. Kisha akainua uso, akaziona kanga za Mejumaa zimeanikwa dirishani juu. Wallahi sijapata kuona mtu akiduwaa namna ile.

Usiseme nimekuibia. Umepata sehemu bora, muulize wakili wako.

Basi juu ni kwangu, na mpangaji wangu atakaa. Lakini mimi mwenyewe nalala chini, chumba kile kile nilichozaliwa, na chini sasa ni kwako. Yaani mimi ni mpangaji wako, Jaffar. Kabila langu unalijua, dini yangu unaijua. Mwisho wa Agosti ndio huu unakuja. Nikae au nihame? Nangoja neno lako, na vyombo vyangu sijavifunga.

Mwanakuu


Eastleigh, Nairobi
6 Septemba 1965

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Mimi ni mzima. Nimepata chumba, kidogo, kwa mzee mmoja Mkamba ambaye hakuniuliza ila kama navuta sigara.

Barua yako nilimsomea mwenzangu kwa sauti. Pale penye Abdulhalim tulicheka mpaka tukaegemea ukuta. Nikaendelea kusoma. Nilipofika "nikae au nihame" nikatoka nje nikamwacha na barua nusu.

Umenifunga, dada. Tena kwa wino wangu mwenyewe. Nilikasirika, nikakaa siku kadhaa na kalamu nikitafuta maneno makali. Kisha nikajaribu tu, kwa kujaribu, kuandika "hama" na jina lako mbele yake. Nikachana karatasi. Nikajiuliza yule wa Pangani aliwezaje, nikaona aliweza kwa sababu hakulijua jina langu, alinijua kwa lafudhi tu. Nami huyo Mejumaa nimemjua kwa nini?

Sisemi umenigeuza. Hofu yangu ningali nayo na nitazeeka nayo. Lakini kaa, Bi Mwanakuu, kaa mpaka tuzikane. Na huyo wa juu naye akae, si kwa ruhusa yangu, kwani si kwangu. Ngazi ni zake kama alivyoandika Kadhi. Abdulhalim nitamwandikia mimi, atanuna hadi mfungo sita, mwezi wa Maulidi, kisha atakuja kula tambi.

Nduguyo, Jaffar


Kibokoni, Mombasa
21 Septemba 1965

Kwa ndugu yangu kipenzi Jaffar,

Marahaba, marahaba elfu. Mungu ambariki huyo mzee Mkamba na amzidishie vyumba. Sigara usivute, ni neno dogo hilo. Huku Abdulhalim amenuna kama ulivyosema, ananisalimia akitazama ukuta. Wikio lingali limefungwa na Bi Mwanatumu nimemkosa sana. Mtoto mmoja amerudishwa chuoni, mamake akisema huko alikompeleka hajifunzi kitu.

Barua yako nilimsomea Mejumaa pale ngazini, anatoka kazini, mkoba ungali mkononi. Nitakwambia ukweli, nilitaraji atalia. Au atanishika mkono. Nami nilikuwa nimeshajitayarisha kumwambia si kitu, mwanangu, si kitu.

Alisikiza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Basi sasa sitoki?"

"Hutoki."

"Hata nikisema neno?"

"Neno gani?"

Akasema, "Paa linavuja, Bi Mwanakuu. Chumbani linavuja na ukumbini linavuja. Naomba lizibwe kabla ya vuli."

Nilichukia, Jaffar. Nimemgombania mpaka kwa Kadhi, nimekosa jirani, nimekosa watoto wa chuo, na shukrani yake ni paa! Nikashika ukuta nikapanda na goti langu, nilikuwa sijapanda tangu nimpe ufunguo, nikenda nikione hicho kivujacho.

Kitanda amekiburura mpaka katikati ya chumba, ndipo palipo pakavu. Ukuta wa upande wa kibla umeota ukungu mweusi. Masufuria yamepangwa chini, na mabeseni, na lile karai langu nililomwazima nikasahau. Nguo zake za kazini amezitundika mlangoni ndani ya gunia la unga lililokunjuliwa ili zisilowe, na ndizo nguo nilizokuwa nikimsifia kwa usafi. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu masika. Masika yote, Jaffar! Mimi nimelala chini yake mkavu, nikisikia vyombo vikigongana nikidhani anapika. Asubuhi anashuka, "Sabalkheri, Bi Mwanakuu," ananipa kodi mkononi, mimi napokea, anakwenda Kilindini.

Fundi Thoya yuko juu sasa hivi, nyundo zake ndizo zinazonipotezea mstari. Gharama ni yangu, thuluthi niliyoipigania ndiyo yenye paa bovu, na ucheke utakavyo.

Lakini nilimuuliza na hili, kabla sijashuka. Nilikuwa nimekaa kitandani mwake, nimeona haya, nikamwambia, "Mwanangu, miezi yote hii, mimi niko hapo chini, mbona hukusema?"

Alikuwa akimwaga maji ya beseni. Hakugeuka. Akasema, "Ningesema, mngepata sababu."

Dadako, Mwanakuu